Barua ya Sheha Si Hukumu



Wiki hii tumeliweka kando jiko, na udi na vikuba tutarudi navyo panapo majaaliwa. Kuna jambo limetukaa kifuani tangu mwezi uliopita, na tumeona tukilinyamazia tutakuwa tumewadhulumu dada zetu wanaotusoma.

Mwenzetu mmoja, tunayekaa naye mkeka mmoja wa darsa, alitufungulia moyo wake baada ya swala ya alasiri. Ametupa ruhusa tuyaandike, bila jina lake wala kijiji chake. Mumewe alitoka nyumbani miaka minne iliyopita, akasema anavuka kwenda Bara kutafuta riziki. Miezi ya mwanzo alipiga simu na kutuma chochote. Kisha simu zikapungua, kisha zikakatika. Habari zikaja kwa watu wa pembeni kuwa ameoa huko. Talaka hakutoa, matunzo hakuleta, na watoto watatu wanataka uji asubuhi na daftari za skuli.

Mwenzetu huyu hakukaa kitako. Alikwenda kwa wazee wa pande mbili. Walipokwama, akaenda kwa sheha. Sheha alimwita shemeji mtu, wakakaa barazani, ikaandikwa karatasi kuwa mume atakuwa akileta fedha kila mwezi. Fedha ikaja mara moja. Akarudi kwa sheha mara ya pili, akaambiwa avute subira. Akarudi mara ya tatu, akaambiwa mume ni mume, atarudi, asije akavunja nyumba yake kwa mikono yake.

Tukamuuliza, basi mbona hukwenda mahakamani? Akatutazama kama tumesema neno la ajabu. Akasema, "Si nimeshahukumiwa? Sheha ameshakata shauri, mie ni nani niende nikapinge?"

Hapo ndipo tulipoinamisha vichwa. Mtu mzima, amesoma, anauza mwani na kuhesabu kilo zake bila kukosea hata nusu, na kwa muda mrefu aliishi akiamini kuwa karatasi iliyoandikwa barazani ni hukumu. Tukaulizana wenyewe kwa wenyewe, tukaona si yeye peke yake. Kati yetu tuliokuwepo siku ile, hata wanne hatukuweza kusema kwa yakini shauri la mke aliyetelekezwa linaanzia wapi na linakwenda hadi wapi. Ndiyo maana tumekaa tukasoma, tukauliza wanaojua, na leo tunasema tunaloliamini: wanawake wengi wa visiwa hivi hawashindwi mahakamani. Wanashindwa kabla ya kufika.

Kazi ya sheha ni ipi?

Tusianze kwa kumlaumu sheha. Sheha ni mtu wetu, anajua mlango wa kila nyumba, na mara nyingi anaamshwa usiku kwa ugomvi usiomhusu. Sheria ya tawala za mikoa hapa kwetu inampa kazi ya kusuluhisha migogoro ya kijamii na ya kifamilia kwa mila na busara za mahali, na inapohitajika ayafikishe mambo panapohusika. Kazi hiyo ina baraka. Migogoro mingi inamalizika barazani kwa kikombe cha kahawa na maneno mawili ya busara, na kama yote ingekwenda mahakamani, makadhi wasingelala.

Lakini kusuluhisha ni kitu kimoja na kuhukumu ni kitu kingine. Msuluhishi anawaomba watu wawili wakubaliane. Mmoja akikataa, au akikubali kisha asitekeleze, msuluhishi hana la kumfanya. Hakimu hamwombi mtu. Anasikiliza, anapima ushahidi, anaamua, na uamuzi wake una nguvu ya dola nyuma yake. Ndiyo maana katiba zetu zimeiweka Mahakama iwe mhimili wake peke yake, kando ya serikali na Baraza la Wawakilishi, ili anayeamua asiwe na wa kumwogopa.

Kwa desturi, mtu akitaka kwenda kwa kadhi hupitia kwanza kwa sheha, na sheha huandika barua ya kumtambulisha na kueleza kuwa suluhu imejaribiwa. Barua hiyo ni kama tikiti ya kupandia boti. Kazi yake ni kukuvusha. Ajabu yetu ni kuwa wengi tumeipokea tikiti, tukairudisha nyumbani, tukaikunja ndani ya kabati, tukadhani tumeshafika.

Milango na ngazi zake

Kwa faida ya kila mmoja wetu, tuieleze nyumba hii ya mahakama jinsi ilivyojengwa hapa Zanzibar. Ina milango zaidi ya mmoja, na ukigonga usiokuhusu utapoteza siku zako.

Mlango wa kwanza ni wa mahakama za kawaida. Hapa kuna Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Mkoa, na juu yake Mahakama Kuu ya Zanzibar. Humu ndimo zinamosikilizwa kesi za jinai na madai. Mume akikupiga, hilo ni la polisi na la mahakama hizi. Si la kadhi, wala si la kumalizwa na wazee kwa kumwambia akuombe radhi. Mtoto akidhalilishwa, Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, hilo pia ni la huku, na hakuna mzee mwenye haki ya kulikatia suluhu kwa fedha au kwa ndoa. Mgogoro wa kiwanja nao una mahakama yake ya ardhi.

Mlango wa pili ni wa Mahakama ya Kadhi, kwa sisi Waislamu. Ndoa, talaka, matunzo, malezi ya watoto, mirathi, wakfu na wasia, mambo haya yako kwake. Mahakama hii si mgeni. Tangu zama za masultani tulikuwa na makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi wakikaa katika mji mmoja. Wazee wetu wanamkumbuka Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi hapa Zanzibar kuanzia 1960, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968, na akatuachia maandishi ya dini kwa Kiswahili yaliyofika hadi majikoni kwetu. Baada ya Mapinduzi mambo yalibadilika sana, na kwa miaka ya 1970 tulikuwa na mahakama za wananchi ambazo mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1985 mpangilio mpya wa mahakama ukatungwa, na ikatoka Sheria ya Mahakama za Kadhi Namba 3 ya mwaka huo. Sheria hiyo imefutwa na nyingine mpya, Namba 9 ya 2017.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hili ndilo wengi hatulijui. Mlango wa kadhi nao una ngazi. Unaanza kwa kadhi wa wilaya. Usiporidhika, unakata rufaa kwenye Mahakama ya Kadhi ya Rufaa. Usiporidhika tena, shauri lako linapanda hadi Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambako jaji hakai peke yake, bali hukaa na wanazuoni wa dini. Na hapo ndipo linapokoma. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ni ya Muungano na husikiliza rufaa kutoka Mahakama Kuu zote mbili, ya Bara na ya Zanzibar, haigusi mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi. Katiba yetu ya 1984 imeyabakisha hapa hapa nyumbani.

Hesabuni basi. Kwa mwenzetu yule kulikuwa na ngazi tatu za mahakama mbele yake. Alisimama ukumbini muda mrefu akidhani yupo darini.

"Mahakama inavunja nyumba"

Tukiyasema haya, tunajua watakaotujibu, na baadhi yao ni mama zetu. Watasema mwanamke wa heshima haendi mahakamani kumshitaki mumewe. Watasema sisi ndio tunaofundisha ukaidi. Neno hili limewafunga wengi midomo, kwa hiyo tulijibu kwa adabu.

Kwanza, dini yetu haikumfungia mwanamke mlango wa kushitaki. Bi Khawla binti Thaalaba, radhi za Allah ziwe juu yake, mumewe alimwambia neno la kijahilia la kumharamisha kama mgongo wa mama yake, akamwacha akining'inia, si mke wala si mtalaka. Hakwenda kulia jikoni. Alikwenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akaeleza, akabishana, akarudia. Mwenyezi Mungu akamsikia kutoka juu ya mbingu saba, na sura nzima ya Qur-ani ikapewa jina la mwanamke anayejadiliana. Bi Hindi binti Utba naye alikwenda kushitaki kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni mzito wa mkono na hampi ya kumtosha. Hakuambiwa arudi nyumbani akasubiri. Aliruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Mke wa Thabit bin Qays alikwenda kusema hawezi tena kuishi naye, ingawa hana aibu ya kumtolea katika tabia wala dini. Akarudisha bustani aliyopewa mahari, akaachwa. Hao ni wanawake wa zama bora, na waliomsikiliza hawakuwaita wakaidi.

Pili, suluhu yenyewe ambayo tunaisifu imewekewa utaratibu wake katika Suratu Nisaa: mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume, na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Pande zote mbili zina mtu. Sasa tujiulize kwa haki, baraza zetu nyingi zinakaa vipi? Kuna mume au ndugu yake, kuna wazee wanaume watano, na kuna mwanamke mmoja amekaa pembeni kwenye mkeka, buibui limefunika uso, anajibu akiulizwa. Je, hilo ndilo tuliloagizwa?

Tatu, mahakama haivunji nyumba iliyosimama. Watafiti walioketi katika mahakama za kadhi za Zanzibar na za pwani ya Kenya wameandika jambo moja linalofanana: wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake. Mwanamume akitaka kuondoka, ulimi wake unamtosha. Anatamka, anaondoka. Mwanamke aliyetelekezwa hana ulimi huo. Ana kadhi. Kumwambia asiende kwa kadhi ni kumwambia abaki amefungwa kwa kamba ambayo mwenzake ameshaikata upande wake.

Na subira? Subira ni nusu ya imani yetu, hatuikatai. Lakini subira ni ya mtu juu ya mtihani wa Mola wake. Haikuwekwa iwe kifuniko cha dhuluma ya mtu mwingine, na kumhimiza aliyedhulumiwa asubiri huku mdhulumu hahimizwi kitu, hiyo si nasaha. Ni kumsaidia mwenye nguvu.

Mambo matatu tunayoyataka

Hatuandiki ili tulalamike tukalale. Tuna mambo matatu tunayoona yanawezekana, na hayahitaji majengo mapya wala fedha za wafadhili.

La kwanza linamhusu sheha. Mwanamke akija mara ya kwanza, asikilizwe na suluhu ijaribiwe. Akija mara ya pili kwa jambo lile lile, apewe barua yake. Asizungushwe. Tungependa kuwe na muda unaojulikana, wiki mbili au mwezi, ambao ukipita bila suluhu kutekelezwa barua iandikwe bila mjadala. Na kila karatasi ya makubaliano inayoandikwa barazani iwe na mstari mmoja chini yake unaosema kuwa haya ni makubaliano, si hukumu, na asiyeridhika anayo haki ya kwenda mahakamani. Mstari mmoja tu. Ungeliandikwa kwa mwenzetu, ungemwokolea miaka mitatu na nusu.

La pili linawahusu makadhi wetu na makarani wao, ambao tunawaheshimu. Shauri linapokwisha, kadhi amweleze mwanamke kwa Kiswahili chepesi kuwa rufaa ipo, inakwenda wapi, na muda wake unakwisha lini. Wengi wetu tunasikia hukumu huku mapigo ya moyo yanatuziba masikio. Tunatoka nje tunaulizana, "Kasemaje?" Muda wa rufaa hausubiri mtu atulie. Na pale mapokezi, panapoandikwa madai, tungeomba akaekwe karani mwanamke katika kila mahakama ya kadhi. Kuna mambo ya chumbani ambayo ni sababu halali ya kuomba kufasikhiwa ndoa, na mwanamke wa kwetu hawezi kuyatamka mbele ya kijana wa kiume anayelingana na mwanawe. Atasema sababu nyepesi isiyokuwa ya kweli, na shauri lake litadhoofika kwa haya, si kwa kukosa haki.

La tatu ndilo zito, nalo ni la mali. Sheria ya 2017 imefungua mlango uliokuwa umefungwa: kadhi sasa anaweza kugawa mali iliyochumwa na wanandoa, pale ambapo mchango wa kila mmoja ni halisi na umeonekana wazi. Tunashukuru kwa hatua hiyo. Lakini mchango unaoonekana wazi ni upi? Mwanamume ana risiti ya saruji. Mwanamke ana mikono iliyochubuka. Yeye ndiye aliyepika kwa mafundi siku arobaini, akateka maji ya kujengea, akauza mwani fedha ikanunua mabati, na bati halina jina la aliyelinunua.

Ndugu zetu wa Bara walilivuka swali hili zamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ilisema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia hakuzitumia inavyopasa. Lakini msingi ulibaki, na wanawake wa Bara wanausimamia hadi leo. Hukumu ile ilitolewa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haitumiki Zanzibar, kwa hiyo hatuwezi kuichukua kama ilivyo tukaipeleka kwa kadhi.

Hatuna haja ya kuiazima pia, kwa maoni yetu. Fiqhi yetu wenyewe ina jibu. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoyafuata Unguja na Pemba, wanasema kupika, kufua na kufagia si wajibu wa kisheria wa mke kwa mumewe. Anafanya kwa wema na kwa mapenzi. Sawasawa. Basi kama si wajibu wake, na ameyafanya miaka ishirini, na kwa kuyafanya mume ameweza kuweka akiba na kujenga, kwa nini kazi hiyo isihesabiwe kuwa ni mchango wake? Haiwezekani siku ya ndoa tuambiwe hii ni hisani, na siku ya talaka tuambiwe huu ulikuwa wajibu. Tunawaomba masheikh wetu, wao wanaojua zaidi yetu, walizungumze suala hili kwa uwazi na walitolee mwongozo mmoja, ili mwanamke wa Chake Chake na wa Makunduchi wasipate majibu mawili tofauti kwa swali moja.

Na sisi wenyewe je?

Tusiwaachie wakubwa kila kitu. Kuna tunayoweza kuyafanya kabla ya jua kuchwa leo.

Cheti chako cha ndoa kiko wapi? Kama kiko kwa mume, omba nakala yake, ukiwa katika amani, wala si siku ya ugomvi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe mahali unapoweza kufika. Ukinunua mifuko ya saruji, omba risiti yenye jina lako. Ukimpa mume fedha ya ujenzi, mtumie kwa simu badala ya kumpa mkononi, kwa sababu simu inaandika na mkono hauandiki. Hili si kumshuku mwenzako. Qur-ani yenyewe inatuamuru tuandikiane madeni na kuweka mashahidi, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kitabu. Mola wetu anatujua jinsi tunavyosahau.

Ukikwama, usikae peke yako. Tangu ilipotoka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, wasaidizi wa sheria wanatambulika rasmi, na wengi wao ni wanawake wenzetu walioko huko huko katika shehia. Kipo pia Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na wapo wanasheria wanawake kupitia ZAFELA. Kuuliza si kushitaki. Unaweza kuuliza leo, ukarudi nyumbani, ukafikiri, ukaswali istikhara, ukaamua kesho.

Na tuwaambie mabinti zetu. Tunawafunda namna ya kuvaa, kupika pilau na kuupokea mgeni. Somo na kungwi wana mengi ya kusema usiku wa kabla ya harusi. Basi waongeze na hili dogo: mwanangu, tunakuombea usiihitaji, lakini mahakama ya kadhi iko mahali fulani, na barua ya sheha ni ya kukufikisha pale.

Mwenzetu yule, alhamdulillah, amefika. Tulimsindikiza wawili, tukapanda gari ya asubuhi, tukakaa benchi hadi adhuhuri. Kadhi alimsikiliza. Mume aliitwa, hakuja. Akaitwa tena, hakuja. Baada ya kuitwa na kusubiriwa kama taratibu zinavyotaka, ndoa ilifasikhiwa. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya jengo, akafunua uso, akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Kumbe ni mbali kiasi hiki tu?"

Suala la nyumba bado linaendelea. Ana daftari la miaka sita alilokuwa akiandikiwa na mnunuzi wa mwani, kilo kwa kilo na tarehe zake, na ana fundi aliyekubali kuja kusema nani alimlipa. Huenda akapata, huenda asipate. Akikosa kwa kadhi wa wilaya, sasa anajua kuna ngazi nyingine juu yake, na nyingine tena.

Wapenzi wasomaji, kama nawe una karatasi iliyokunjwa kabatini, ifungue leo uisome. Kama ni barua, ipeleke. Tuandikieni yaliyowakuta, na tutayahifadhi majina yenu kama tunavyohifadhi yetu.

Allah awape makadhi na mahakimu wetu uadilifu, awape masheha wetu busara, na atupe sisi ujasiri wenye adabu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.